WEKUNDU WA MAGHARIBI WATUAMBIA NINI?



Hakuna mtu kisiwani petu ambaye hajapata kusimama pwani akalitazama jua likichwa. Siku nyingine mbingu yote huwa nyekundu kama kaa la moto, na mawingu huonekana kama yaliyopakwa zambarau na dhahabu. Siku nyingine jua hujizamia kimya kimya, lisiache alama. Jua ni lile lile na bahari ni ile ile. Kinachobadilika ni hewa iliyo kati yetu nalo. Khabari hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza leo, kwa sababu kutoijua kumemtia hasarani mkulima zaidi ya mmoja wakati wa kuanika karafuu, na mwandishi wa maneno haya ni mmoja wao.

Ilikuwa msimu wa vuli, miaka kadhaa iliyopita. Majamvi yangu yalikuwa yamejaa karafuu za siku ya tatu, zimekwisha kugeuka rangi, zimebakisha siku moja au mbili za jua kali. Jioni ile magharibi ilipendeza kupita kiasi. Jirani yangu mmoja, mtu mzima, alipita akaniambia, "Mwanangu, anua." Nikamjibu, "Mzee wangu, tazama mbingu ilivyopendeza. Usiku wa leo hapana mvua." Hakushindana nami. Aliitazama magharibi, kisha akageuka akatazama mashariki, akaenda zake kuanua za kwake.

Kabla ya usiku wa manane mvua ilishuka. Tuliamka nyumba nzima, wakubwa kwa watoto, tukavuta majamvi gizani, lakini karafuu zilikuwa zimekwisha kurowa. Siku mbili zilizofuata hapakuwa na jua. Karafuu zilizorundikwa ndani zikapata joto, zikasinyaa, zikageuka mpeta. Siku ya kupima nilipokea fedha ambazo hata ujira wa wachumaji hazikutosha kuulipa.

RANGI ZATOKA WAPI?

Mwanga wa jua twauona mweupe, lakini ndani yake mna rangi zote za upinde wa mvua. Unapopita katika hewa, chembe ndogo mno za hewa hiyo huutawanya huku na huku, wala haziutawanyi sawasawa. Rangi ya buluu hutawanywa karibu mara 6 kuliko nyekundu. Ndiyo sababu mchana mbingu ni ya buluu: twaona ile buluu iliyotawanywa kila upande. Mtaalamu wa Kiingereza, John William Strutt, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Lord Rayleigh, alilieleza jambo hili mwaka 1871.

Jua linapokuwa utosini, mwanga wake hupita katika hewa kwa njia fupi. Linapofika ukingoni mwa bahari, mwanga hupita kwa mshazari, na hewa unayoivuka ni zaidi ya mara 30 ya ile ya adhuhuri. Katika safari hiyo ndefu buluu yote hupotea njiani, na inayotufikia ni njano, rangi ya chungwa, na mwisho nyekundu. Tena hewa huupinda mwanga. Wakati tunapoliona jua limegusa maji, lenyewe limekwisha kuzama. Tunaloliona ni sura yake tu iliyoinuliwa na hewa.

Kwetu sisi tulio karibu na Ikweta tamasha hili ni fupi, kwa sababu jua hushuka karibu wima. Tangu jua kuchwa mpaka giza la kuwasha taa ni dakika 20 na kitu. Huko London, mwezi wa Juni, muda huo hupita dakika 40. Basi kwetu mwenye kutaka kuutazama wekundu ule asikawie.

HEWA CHAFU SI RAFIKI WA UZURI

Wengi hudhani kwamba vumbi na moshi ndivyo vinavyoyapamba machweo. Sivyo. Chembe za vumbi, za moshi na za mvuke mzito ni kubwa kuliko chembe za hewa, nazo huutawanya mwanga wa rangi zote karibu sawasawa. Matokeo yake ni mbingu ya kijivu yenye ukungu, na jua lililo kama sahani nyekundu ambalo mtu aweza kulikodolea macho bila ya kuumia. Jua lenyewe ni jekundu, lakini mbingu iliyolizunguka haina rangi.

Na hewa inayohusika si hii iliyo juu ya vichwa vyetu peke yake. Mwanga wa mwisho wa jioni umepita juu ya bara, kilomita mamia kwa mamia, kabla ya kuvuka mkondo wa bahari na kutufikia. Siku za kiangazi, watu wa bara wachomapo mashamba na majani, moshi wao huonekana katika machweo yetu ijapokuwa harufu yake hatuisikii. Mvua ikinyesha huko ikaifua hewa, rangi hurudi. Mwenye kusimama pwani ya magharibi ya Pemba jioni ya hewa safi aweza kuiona milima ya Usambara, imejichora nyeusi mbele ya wekundu. Asipoiona, na wala hapana mawingu, basi ajue kuwa hewa ya upande ule imejaa utusitusi.

Pepo nazo zina sehemu yake. Kusi hututokea kusini-mashariki, imevuka bahari kuu isiyo na mashamba wala miji, na hewa yake mara nyingi ni safi. Kaskazi hututokea upande wa Uarabuni na Bara Hindi, na yaweza kuchukua ukungu wa nchi kavu ilizozipitia.

MAWINGU NDIYO JAMVI LA RANGI

Mbingu isiyo na wingu hata moja hutoa machweo safi, lakini si yale ya kumsimamisha mtu njiani. Rangi hutaka mahali pa kuangukia. Mahali hapo ni mawingu ya juu: yale yaliyo kama nyuzi za pamba, ambayo ni chembe za barafu, na yale yaliyojipanga kama magamba ya samaki. Kwa kuwa yako juu sana, jua huyamulika kutoka chini hata baada ya sisi kuliona limezama, na mwanga unaoyafikia haukupita katika vumbi zito lililo karibu na ardhi. Mawingu ya chini, mazito, hayana bahati hiyo. Hayo huuziba mlango wa magharibi na kuiacha jioni ikiwa kijivu.

Kwa hiyo machweo bora huwa pale mvua imekwisha kupita na kuifua hewa, magharibi pakawa wazi, na mabaki ya mawingu yakabaki juu. Tafadhali msomaji likumbuke neno hilo: mawingu yabaki juu. Jioni yenye uzuri mwingi mno si jioni isiyo na mawingu.

JIONI ZILIZOTISHA DUNIA

Machweo yaliyosifika kuliko yote yalitokana na volkeno. Mwezi wa Agosti mwaka 1883 kisiwa cha Krakatau, kilichoko baina ya Java na Sumatra, kililipuka. Ni huko huko Indonesia, kwenye visiwa vya Maluku, ndiko uliko asili ya mkarafuu wetu. Ngurumo ile ilisikika mpaka kisiwa cha Rodrigues, katika Bahari hii yetu ya Hindi, mwendo wa karibu kilomita 4,800. Mwaka uliofuata mawe yake mepesi yalielea mpaka pwani za Afrika Mashariki.

Gesi ya salfa iliyorushwa na mlipuko ilipanda juu kupita mawingu ya mvua, ikageuka matone madogo mno, ikaizunguka dunia. Kwa kuwa mvua haikuweza kuyafua matone hayo, yalikaa muda mrefu. Mwezi wa Novemba 1883, katika miji ya Poughkeepsie na New Haven, Marekani, wazima moto walitoka mbio wakidhani mji unaungua, kumbe ni magharibi tu. Huko London mchoraji William Ascroft alichora mamia ya picha za jioni zile. Jambo kama hilo lilitokea tena baada ya mlima Pinatubo wa Ufilipino kulipuka mwezi wa Juni 1991, ukatoa tani karibu milioni 20 za gesi hiyo.

JE, TWAWEZA KUTABIRI KWA WEKUNDU HUU?

Hapa ndipo lilipo kosa langu. Nilikuwa nimesikia kwamba mbingu ikiwa nyekundu jioni, kesho huwa njema. Neno hilo ni la kale sana, na hata katika Injili ya Mathayo, sura ya 16, limetajwa. Katika nchi za Ulaya na za Shamu lina maana yake, kwa sababu huko hali ya hewa kwa kawaida hutoka magharibi kwenda mashariki. Magharibi pakiwa wazi, inayokuja ni hewa njema.

Kwetu siyo hivyo. Kusi na Kaskazi zote mbili hututokea upande wa mashariki, na kwa sehemu kubwa ya mwaka mvua zetu hutoka baharini upande huo. Wekundu wa magharibi hutupa khabari ya hewa iliyokwisha kutupita. Ni kama kumtazama mgeni anayeondoka ili kumjua mgeni ajaye. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini yatupasa tujue ni mawingu ya upande gani. Mzee wangu yule hakusoma kitabu cha elimu ya hewa, lakini aligeuza shingo. Mimi sikugeuza.

BASI TUFANYEJE?

Kwanza, jioni ukikwisha kuitazama magharibi, geuka uutazame upande upepo unakotoka. Ukiona mawingu mazito yaliyosimama kama minara, usiulize zaidi.

Pili, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa katika redio au simu. Wao huona mawingu yaliyo mbali na macho yetu.

Tatu, anua kila siku, hata mbingu iwe safi pande zote nne. Usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto lake upesi, na umande huwa mwingi. Karafuu iliyoachwa wazi usiku mmoja huurudisha unyevu ambao jua lilifanya kazi mchana kutwa kuutoa. Tukumbuke kwamba kilo 3 za karafuu mbichi hutoa kilo 1 tu ya kavu, au karibu yake. Jasho lililokwisha kumwagika ni jingi mno kuachiwa bahati.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini hatusemi watu wasiutazame uzuri huo. Mwenyezi Mungu ametuweka kwenye kisiwa ambacho kila jioni humwekea mtu pambo asilolilipia. Anua kwanza, funika majamvi, kisha keti barazani na watoto, uwaeleze buluu imekwenda wapi na nyekundu imetoka wapi. Ndivyo ninavyofanya siku hizi, na magharibi yanipendeza zaidi kuliko zamani, kwa kuwa sina karafuu nje.