Bei isomeke: vichwa na maandishi kwenye tovuti ya duka lako

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo tuongee maandishi. Picha mnaziweza, sina wasiwasi. Nasema jina la bidhaa, bei na maelezo.

Mafundi wengi wa tovuti wanatumia Bootstrap, ilitengenezwa na watu wa Twitter ikatolewa bure 2011. Kama yako ni hiyo, vichwa vimeshapangwa ngazi sita. Kwenye toleo la 5, h1 ni pikseli 40, h2 ni 32, h3 28, h4 24, h5 20, na h6 16 sawa na maandishi ya kawaida. Kwenye simu, vile vikubwa vinajipunguza vyenyewe.

Shida ni kuchagua ngazi kwa ukubwa. Mtu anataka bei ionekane, anaipa h1. Jina la duka, h1 tena. Yaani ukurasa mzima unapiga kelele kama mnadani. h1 weka moja tu, jina la bidhaa: "Kitenge yadi 6". Halafu h2 ziwe Bei, Rangi zilizopo, Usafirishaji. Google inaangalia vichwa ili ijue unauza nini, na mteja asiyeona, anayesomewa na simu, anaruka kichwa hadi kichwa kutafuta bei.

Unataka ukubwa tu? Tumia klasi. Kichwa cha h2 ukikipa class="h4" kinabaki ngazi ya pili ila kinaonekana kidogo. Bei iwe aya ya kawaida yenye fs-2 na fw-bold, inatosha kabisa. (Wale wa "bei njoo inbox" hakuna klasi ya kuwasaidia.)

Fonti je? Bootstrap inatumia fonti za simu ya mteja mwenyewe, Roboto kwa Android nyingi, San Francisco kwa iPhone. Hakuna cha kupakua, bando lake linapona. Ukiongeza ya nje, mara nyingi kila unene ni faili lake. Na zile za mwandiko wa kadi za harusi ziishie kwenye nembo. 1 na 7 zinafanana humo: mteja anasoma 11,000, bodaboda anadai 17,000, ugomvi mlangoni.

Ukimaliza, fungua ukurasa kwa simu ya bei rahisi, simama juani. Maandishi ya kijivu ya text-muted ndiyo yanapotea kwanza. Gharama ya kutuma mkoani usiiweke rangi hiyo.