Fahamu: Kampuni hupimaje kama sheria za haki zinamfikia mfanyakazi?
Agosti 2012, kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises mjini Karachi, Pakistan, kilipewa cheti cha SA8000, cha kuthibitisha kuwa wafanyakazi wake wanatendewa haki na wako salama. Septemba 11 kiliteketea. Zaidi ya watu 250 walikufa, wengi wakikwama nyuma ya milango iliyofungwa na madirisha yenye nondo.

Kwenye karatasi, kila kitu kilikuwa sawa.

Sheria ya Ufaransa ya 2017, na ya Ujerumani iliyoanza kutumika Januari 2023, zinazitaka kampuni kubwa zichunguze hatari za haki za binadamu hadi kwa wanaoziuzia bidhaa, na zichukue hatua. Je, hatua hizo zinasaidia? Kampuni nyingi hujibu kwa kuhesabu kilicho rahisi: ukaguzi mara ngapi, semina ngapi, mikataba mingapi. Takwimu hizo hupendeza kwenye ripoti, ila zinaeleza shughuli za kampuni, si maisha ya fundi cherehani.

Kipimo chenye maana huuliza mengine. Mlango wa dharura unafunguka? Mshahara unaingia kwa wakati? Aliyelalamika bado yupo kazini? Malalamiko yakiongezeka, huenda watu wameanza kuuamini utaratibu; sifuri ndiyo ya kutiliwa shaka.

Desemba 2023, kwa kutumia sheria hiyo ya Ufaransa, mahakama ya Paris iliona kuwa ramani ya hatari (maelezo ya hatari zilizopo) ya La Poste, shirika la posta la Ufaransa, ni ya jumla mno. Ikaliamuru lieleze hatari bayana, na lichapishe mfumo halisi wa kufuatilia hatua zake.