UCHAFU WA NYAMA WAFICHULIWA

Ndugu msomaji, unaponunua nyama, je, unajua imekaguliwa na nani?

Mwaka 1904 mwandishi wa Marekani, Upton Sinclair, alikwenda Chicago. Mji huo ulikuwa na viwanda vikubwa vya nyama. Alikaa na wafanyakazi majuma saba hivi. Aliona kazi ngumu, mshahara mdogo na uchafu mwingi.

Mwaka 1906 alitoa kitabu juu ya mambo hayo. Waliokisoma walichukizwa sana. Rais Theodore Roosevelt alituma watu wawili wakaone kwa macho yao. Walikuta nyama ikizolewa kutoka sakafu chafu.

Wenye viwanda walitaka sheria iwe laini. Rais akawapelekea wabunge taarifa ya wale watu wawili. Tarehe 30 Juni, 1906, alitia sahihi sheria mpya. Mkaguzi wa serikali alitakiwa kumwangalia mnyama kabla ya kuchinjwa, na nyama baada ya kuchinjwa. Nyama nzuri ilipigwa alama. Nyama mbovu iliharibiwa.

Lakini Sinclair alitaka hasa kuwasaidia wafanyakazi. Sheria ile haikuongeza mshahara wao, wala haikupunguza saa zao za kazi. Mlaji alipata kinga. Mfanyakazi aliendelea kungoja.

Ndugu msomaji, kitabu kilifichua uovu kwa sababu watu walikisoma. Sasa na wewe unajua kusoma. Ukiona muhuri juu ya nyama, usome. Usipouona, uliza.