Wapenzi wa muziki wa zamani, na besi anapiga nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe dukuduku langu juu ya sisi tunaojiita wapenzi wa muziki wa zamani. Mabishano yetu hayana mwisho. Ukikaa kijiweni utawakuta watu wazima wanagombana nani alikuwa bora, Mbaraka Mwinshehe au Marijani Rajab. Ukiingia ofisi ya walimu utawakuta wengine wamehamia Ulaya, wanashindanisha Freddie Mercury na John Lennon. Ubishi si dhambi, na mimi mwenyewe ni mbishi. Lakini iko kasoro moja kubwa katika ubishi wetu, na kasoro hiyo nilionyeshwa na mzee mmoja wa kijiji chetu ambaye sasa ni marehemu.

Jumapili moja mwaka jana tulikuwa watu sita tumekaa kwenye benchi la muuza kahawa. Mwalimu mwenzangu, ambaye nilisoma naye chuo cha ualimu, alikuwa na simu yenye nyimbo za kundi la Queen la Uingereza. Alizipenda nyimbo hizo tangu alipoona ile filamu ya 2018 iitwayo "Bohemian Rhapsody", ambayo mwigizaji wake, Rami Malek, alipata tuzo ya Oscar mwaka 2019. Mwenzangu akasema kwamba Freddie Mercury ni mwanamuziki mkubwa kuliko wote waliopata kuzaliwa katika ardhi ya Tanzania. Mwingine akapinga, akasema mtu aliyeondoka angali kijana na kubadili jina hawezi kuhesabiwa kuwa wetu. Wa tatu akasema Queen bila Freddie si kitu, wale wenzake watatu walikuwa wasindikizaji tu.

Mzee yule alikuwa amekaa pembeni na kikombe chake. Wakati huo simu ilikuwa inapiga wimbo "Another One Bites the Dust", ambao tangu mwanzo hadi mwisho unabebwa na gitaa la besi. Mzee akauliza, "Na besi anapiga nani?"

Tukacheka. Mimi ndiye niliyemjibu, na leo naona haya kuliandika jibu lenyewe. Nilisema, "Mzee, hapa tunazungumza waimbaji." Hakuongeza neno. Alimaliza kahawa yake, akalipa, akatuaga vizuri, akaenda zake.

Swali lile lilinikera kwa sababu sikuwa na jibu. Sisi walimu hatupendi kuulizwa tusilolijua. Basi nikaanza kutafuta na kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza nimpe Freddie haki yake. Alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi waliotoka India, na baba yake alifanya kazi ya fedha katika serikali ya kikoloni. Akiwa mtoto alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, India. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia yake ilihamia Uingereza. Yeye ndiye aliyetunga "Bohemian Rhapsody" wa mwaka 1975, wimbo wa karibu dakika sita ambao ulishika nafasi ya kwanza nchini Uingereza kwa wiki tisa. Katika tamasha la Live Aid, tarehe 13 Julai 1985, aliushika umati uliojaa uwanja wa Wembley kama mwalimu hodari anavyolishika darasa. Alifariki dunia tarehe 24 Novemba 1991, na tangu mwaka 2019 ipo makumbusho yake Shangani, Unguja. Anayemdharau Freddie hajui muziki.

Lakini ukweli ni kwamba Queen walikuwa wanne, na hakuna msindikizaji hata mmoja. Ule wimbo uliokuwa ukipigwa siku ile kijiweni ulitolewa mwaka 1980 na ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Hakuutunga Freddie. Aliutunga John Deacon, mpiga besi, yule yule mzee aliyemwulizia. "We Will Rock You" wa mwaka 1977, unaopigwa katika viwanja vya michezo hadi leo, ulitungwa na mpiga gitaa la solo, Brian May. Na pale Wembley, wakati watu wote walipoinua mikono juu na kupiga makofi kwa pamoja, wimbo uliowainua ulikuwa "Radio Ga Ga" wa mwaka 1984. Huo ulitungwa na Roger Taylor, mpiga dramu.

Huenda msomaji akasema haya ni majina tu, yana faida gani? Faida yake ni haki ya mtu na riziki yake. Santuri ya "Bohemian Rhapsody" ilikuwa na upande wa pili, na upande huo ulikuwa na wimbo wa Roger Taylor uitwao "I'm in Love with My Car". Kwa kuwa santuri hainunuliwi nusu, kila ilipouzwa mtunzi wa upande wa pili alipata haki yake ya utunzi sawa na Freddie. Jambo hilo lilizua manung'uniko ndani ya kundi kwa miaka mingi. Mwishowe, katika albamu yao ya mwaka 1989 iitwayo "The Miracle", walikubaliana kila wimbo uandikwe kuwa umetungwa na Queen, basi. Watu wanne waliokwisha kuwa matajiri waliona bado ni lazima kuelewana juu ya jina la nani linaandikwa wapi. Sisi mashabiki ndio tunaoona jambo hilo ni dogo.

Kama mwalimu, yako mengine yaliyonivutia zaidi. Brian May alianza kutengeneza gitaa lake mwaka 1963, akiwa kijana wa shule, akisaidiwa na baba yake. Shingo ya gitaa ilitokana na mbao za meko ya zamani, na baadhi ya springi zilitoka katika pikipiki kuukuu. Gitaa hilo hilo ndilo alilolipiga Wembley, na nyuzi zake huzipiga kwa sarafu ya peni sita. Aliwahi kufundisha hisabati katika shule ya sekondari huko London, na mwaka 2007 alipata shahada ya udaktari katika elimu ya nyota. John Deacon naye alisomea elektroniki. Aliunda amplifaya ndogo kutokana na vifaa alivyookota katika takataka, na sauti ya amplifaya hiyo imo katika santuri za Queen. Ni mtu mkimya, na baada ya mwaka 1997 alijiondoa kabisa katika muziki.

Wala si Queen peke yao. Huko Marekani, katika mji wa Detroit, kampuni ya santuri ya Motown ilikuwa na mpiga besi aliyeitwa James Jamerson. Yeye ndiye aliyepiga besi katika "My Girl" ya The Temptations, na katika nyimbo nyingi za The Supremes, Stevie Wonder na Marvin Gaye. Dunia nzima ilicheza kwa vidole vyake. Hata hivyo, kwa miaka yote ya sitini jina lake halikuandikwa kwenye majalada ya santuri hizo. Lilianza kuonekana mwaka 1971, katika albamu ya Marvin Gaye iitwayo "What's Going On". Jamerson alifariki mwaka 1983. Heshima ya kuingizwa katika jumba la kumbukumbu la wanamuziki wa Rock and Roll ilimfikia mwaka 2000, miaka 17 akiwa kaburini.

Sasa nirudi kijijini. Mzee wetu alifariki wakati wa masika. Nilikwenda kuzika kama wanakijiji wote. Ilisomwa historia yake fupi, kwamba alizaliwa wapi, kwamba alifanya kazi katika shamba la mkonge, kwamba alikuwa mkulima hodari na ameacha watoto saba. Tukarusha udongo, tukarudi nyumbani.

Wiki chache baadaye niliwasimulia wanafunzi wa Darasa la Sita habari za Brian May na gitaa la mbao za meko. Nilitaka kuwaonyesha kwamba mtu mwenye akili na mikono hakosi kifaa. Kesho yake mvulana mmoja akaja na gitaa la kopo la mafuta ya kupikia, lenye nyuzi mbili tu, tena nene. Nilimwuliza kwa nini hakuweka nyuzi nyembamba kama wenzake wanavyofanya. Akanijibu, "Mwalimu, hili si la solo, ni la besi. Babu ndiye aliyenifundisha." Babu yake alikuwa yule mzee.

Jioni nilikwenda kumwamkia bibi yake na kumwuliza. Akaingia ndani, akatoka na picha iliyofungwa katika kitambaa. Wanaume wanane wamevaa mashati ya aina moja, vyombo mikononi, na wa tatu kutoka kushoto ni mzee wetu, kijana mwembamba mwenye gitaa la besi. Nyuma ya picha pameandikwa mwaka 1974 na majina ya wapigaji kwa penseli. Majina manne yanasomeka. Mengine yamefutika.

Bibi alinieleza kwamba mumewe alisafiri na bendi hiyo mara mbili kwenda Dar es Salaam kurekodi. Nilimwuliza kama anakumbuka wimbo wowote. Alifikiri kidogo, kisha akaanza kuimba polepole, lakini hakuimba maneno. Aliimba besi. Miaka yote hiyo, sehemu ya wimbo iliyobaki kichwani mwake ni ile aliyokuwa akiipiga mumewe.

Ndugu Mhariri, nilitoka pale nimeinamisha kichwa. Mzee aliyetuuliza swali alikuwa na haki ya kuliuliza kuliko mtu yeyote katika kijiwe kile. Kama ningemrudishia swali, nikasema, "Kwani wewe, mzee, unaijua besi?", leo ningekuwa na majina yote manane, na nyimbo, na mengi mengine. Nilikuwa na nafasi hiyo, nikaitumia kumkatisha.

Na kosa hili si langu peke yangu. Sote tunajua kwamba Mbaraka Mwinshehe alitoka Morogoro Jazz akaunda Super Volcano mwaka 1973, na kwamba alifariki kwa ajali ya gari huko Kenya mwaka 1979. Lakini siku moja niliwauliza wabishi wenzangu watano wa kijiweni, ambao kila mmoja yuko tayari kupigana kwa ajili ya Mbaraka, wanitajie mpiga besi mmoja wa Morogoro Jazz. Hakuna aliyeweza. Nasi tuko mkoa huo huo wa Morogoro!

Kwa hiyo nina maombi machache kwa wapenzi wenzangu. Tubishane, lakini kabla ya kumpa mwimbaji kombe, tuulize waliokuwa nyuma yake ni akina nani: besi, rizimu, tumba, saksafoni. Mwenye wazee waliopiga muziki karibu naye awaendee na daftari wangali hai. Asiulize nani alikuwa bora, aulize nani alikuwepo. Mwenye picha ya zamani aandike majina nyuma kwa kalamu ya wino, maana penseli inafutika. Na watangazaji wetu wa vipindi vya zilipendwa, wanapotaja bendi na mwimbaji, wakimjua mpiga solo au mpiga besi wamtaje pia. Haiwagharimu zaidi ya sekunde tano.

Mimi nimekwisha kuanza. Nina daftari la kurasa arobaini, na nimezungumza na wazee watatu wa tarafa yetu. Jina la mzee wetu sitalitaja hapa, kwa sababu ni la familia yake, lakini ndilo la kwanza katika daftari hilo. Chini yake yapo yale majina matatu mengine yanayosomeka nyuma ya picha, na baada ya hayo nimeacha mistari minne mitupu. Sijaijaza, wala sitaijaza kwa kubahatisha.

Wasomaji wa rika la mzee huyo mliocheza dansi Morogoro na Kilosa miaka ile, ukurasa huu ni wetu sote. Tuandikieni mnaowakumbuka.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa, Morogoro.