Angemtoa Nani? Kesi za Makocha Mbinga na Mwambao wa Nyasa

Ukifika Mbinga mjini asubuhi baada ya Simba au Yanga kusawazishiwa bao dakika za lala salama, unaweza kudhani kuna kesi ya shamba. Watu wamejazana stendi, wengine wamekalia bodaboda zilizozimwa, na mtu mmoja anahojiwa kwa ukali kama vile yeye ndiye aliyekuwa benchi. Angemtoa nani? Beki wa tano wa nini? Mfungaji hatajwi sana, kila mtu alimwona jana kwenye kibanda umiza. Mshtakiwa ni kocha, na kesi inasikilizwa bila yeye kuwepo.

Zamani kesi hizi zilikuwa za Majimaji ya Songea, Wanalizombe, timu iliyobeba jina la utani kutoka kwenye ngoma ya mkoa wetu na kutwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1985, 1986 na 1998. Ilipokosea kocha wa Majimaji, lawama zilimfikia mwenyewe. Tangu timu hiyo ishuke kutoka Ligi Kuu mwaka 2018 tumebaki na Simba, Yanga na Taifa Stars, ambao makocha wao hatutarajii kukutana nao sokoni. Labda ndiyo maana maneno yamezidi makali.

Hata hivyo si kelele tupu. Kwenye vijiwe ninavyovijua, aliyesikiliza mechi redioni ana haki ya kuuliza, lakini akianza kutoa hukumu ananyamazishwa. Shabiki wa timu iliyoumia ndiye anayetangulia kumlaumu kocha wake. Mtani akimtangulia, maneno yake yanahesabiwa kejeli na kujibiwa kwa kejeli. Na mwenye msiba haguswi, hata kama jana alikutania mpaka ukakosa usingizi. Mama ntilie anayepita na chupa za chai husikia yote na kuamua lake kimyakimya. (Ndiyo, chai. Wilaya inayojaza magunia ya kahawa, na kijiweni tunaagiza chai.)

Wamatengo walikuwa na sengu. Wanaume wa ukoo walikula pamoja kwa mzee wao, chakula kikitoka kila nyumba, na baada ya kunawa mikono yakaletwa mambo ya mashamba, ndoa na ugomvi. Kijana alijifunza hapo lini aseme na lini asubiri. Jina hilo lilikuja kufufuliwa kwenye kamati za maendeleo za baadhi ya vijiji. Sitadai kwamba kijiwe ni mtoto wa sengu: kijiweni kila mtu analipia chai yake, na mzee anakatizwa maneno. Ila tabia moja imebaki. Ukimlaumu mtu, unatakiwa useme wewe ungefanya nini.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Chukua mechi ya Taifa Stars na Zambia, tarehe 21 Januari 2024, kwenye fainali za Afrika zilizochezwa Ivory Coast. Simon Msuva alifunga dakika ya 11. Kabla ya mapumziko Zambia wakabaki 10, Roderick Kabwe akiwa ametolewa kwa kadi nyekundu. Kwenye benchi letu alikuwa Hemed Suleiman "Morocco", aliyekabidhiwa timu ghafla baada ya Adel Amrouche kufungiwa. Ushindi ule ungekuwa wa kwanza kwa Tanzania katika fainali hizo. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha kwa kichwa, ikawa 1-1.

Mabishano ya mechi hiyo nimeyasikia mara nyingi, na karibu kila mara yanakwenda hivi:

"Babu, wenzetu wako 10, sisi tunarudi nyuma! Mtu pungufu unamnyima mpira, humkaribishi golini kwako."

"Mjukuu wangu, wewe uliwahi kushinda mechi kwenye fainali za Afrika?"

"Hapana, babu."

"Na wale vijana nao hawajawahi. Miguu inarudi yenyewe."

Nampa babu sifa kwa jibu hilo, kwa sababu linagusa jambo ambalo ubao wa kocha hauonyeshi. Wachezaji hurudi nyuma kwa hofu hata kocha akiwapungia mkono wasogee. Lakini mjukuu ndiye mwenye hoja. Kulinda bao moja kwa kuondoa mipira tu ni kumpa mpinzani kona na mipira iliyokufa, na huko upungufu wa mtu mmoja hauonekani.

Ukiteremka milima kwenda Mbamba Bay na Liuli, mabishano yanabadilika sura. Wavuvi wa usipa hutoka na taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu hubaki nchi kavu. Mechi ikiangukia usiku wa giza, sehemu ya watazamaji iko majini, na habari wanaikuta asubuhi wakati samaki wanaanikwa. Ni watu waliozoea mashindano ya mganda, ngoma yenye vyeo vilivyoigwa jeshini, kwa hiyo kumchambua kiongozi wa kikosi si jambo geni kwao. Ila wana subira ambayo sisi wa mlimani hatuna. Mvuvi aliyeona upepo unageuka akarudi na nusu ya samaki haitwi mwoga hata kama upepo ulitulia baadaye. Anaulizwa aliona nini wakati anageuza mtumbwi.

Kipimo hicho ndicho ninachokitaka kwa makocha. Tarehe 28 Mei 2023 Yanga iliikaribisha USM Alger kwenye mkondo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho. Fiston Mayele alisawazisha dakika ya 82, uwanja ukalipuka, na dakika ya 84 Waalgeria wakapata la pili. Marudiano Yanga ilishinda 1-0 kule Algiers kwa penalti ya Djuma Shaban, kombe likaondoka kwa sheria ya bao la ugenini. Hesabu ya kijiweni ni rahisi: kocha Nasreddine Nabi angefunga mlango baada ya lile la Mayele, tungekuwa mabingwa. Lakini hesabu hiyo inadhani kwamba USM Alger wangecheza marudiano vilevile hata bila mtaji wa mabao 2-1. Na mashabiki waliokuwa wakiimba dakika ya 83 walitaka bao la pili. Sikumsikia hata mmoja akitaka ulinzi.

Wamarekani nao wana kesi yao. Februari 2015, kwenye fainali ya mpira wao wa kofia ngumu, Seattle Seahawks walikuwa yadi 1, pungufu ya mita, kufikia mstari wa New England Patriots, zimebaki sekunde 26. Walikuwa na Marshawn Lynch, mkimbiaji wa kuvunja ukuta. Benchi la kocha wao Pete Carroll likachagua pasi, Malcolm Butler wa Patriots akaidaka, Patriots wakashinda 28 kwa 24. Wengi walimwita Carroll mjinga, lakini wachambuzi wengine walipiga hesabu na kusema pasi ile haikuwa wazo baya. Kesi haijafungwa.

Ya kwetu tunaweza kuifunga mapema zaidi. Ombi langu kwa ndugu zangu wa Mbinga na wa ziwani ni moja: mechi ijayo, dakika ya 75, kila anayejua kazi ya ukocha aseme kwa sauti, mbele ya mashahidi, anamtoa nani na anamwingiza nani. Asiyesema wakati huo, kesho yake asimguse kocha.