Je, Wajua? Gimbali ya Bei Nafuu kwa Mpiga Video wa Machakos

Je, wajua kwamba kabla ya kuuliza bei ya gimbali unapaswa kupima uzito wa kamera yako? Mizani ya sukari ya dukani inatosha. Bodi ya Canon 5D Mark IV ina gramu 890 pamoja na betri na kadi. Ukiifunga lenzi ya 24-70 f/2.8 II yenye gramu 805, jumla inakaribia kilo 1.7. Gimbali ya DJI RS 3 Mini, iliyotoka mwaka 2023, hubeba hadi kilo 2, kwa hiyo hapo uko salama. Ukiweka lenzi ndefu ya 70-200 f/2.8 II unafika karibu kilo 2.4, na mota zimezidiwa. Mwenye Sony a6400 ya gramu 403 na lenzi ndogo hana sababu yoyote ya kulipia gimbali kubwa.

Je, wajua kuwa mota za gimbali hazikuundwa kubeba kamera? Kazi yake ni kusahihisha tu. Kamera iliyosawazishwa vizuri kwenye mihimili yote mitatu hukaa pale unapoiacha hata gimbali ikiwa imezimwa. Ikikosa usawa, mota husukuma muda wote, hupata moto, hutetemeka, na betri huisha kabla bibi harusi hajafika kanisani. Ndiyo maana ukienda Nairobi kununua gimbali iliyotumika, beba kamera yako. Isawazishe mbele ya muuzaji, uiwashe, uisikilize, uigeuze kila upande. Ikinguruma au kutetemeka ilhali usawa umekaa sawa, mota au sensa zina shida. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo, mwache na mali yake.

Je, wajua kuwa gimbali haiondoi mruko wa hatua zako? Mihimili mitatu hurekebisha kugeuka, kuinama na kulala upande. Kupanda na kushuka kwa mwili ni juu ya magoti yako: yakunje kidogo, kisigino kitangulie, unyayo ufuate polepole. Kwenye ntheo, sherehe ya ndoa ya kimila ya Wakamba, mbuzi wakiingizwa bomani kwa kina msichana na akina mama wakiimba, anayerekodi akirudi kinyumenyume kwenye ua wenye mawe ataokolewa na miguu yake kwanza. Fanya mazoezi nyumbani wiki nzima kabla ya kuchukua pesa ya mtu.

Je, wajua kwamba kifaa kilichobadilisha sinema hakikuhitaji mota za kutuliza kamera? Mmarekani Garrett Brown alibuni Steadicam katika miaka ya 1970. Katika video za majaribio alimrekodi mpenzi wake akikimbia kwenye ngazi za jumba la sanaa la Philadelphia. Mwongozaji wa filamu ya Rocky aliziona, na mwaka 1976 ulimwengu ukamwona bondia akipanda ngazi zilezile. Siri ni uzito: ukisambazwa mbali na kitovu, chombo hukataa kugeuka ghafla.

Siri hiyo iko wazi kwa mafundi wetu wa jua kali. Johnny Chung Lee, akiwa bado mwanafunzi, alitoa bure mchoro wa kifaa cha kutuliza kamera kinachogharimu dola 14: mabomba ya maji ya nusu inchi, kiungo cha T, uzito wa kilo moja na kidogo chini, na skrubu ya robo inchi inayoingia kwenye tundu lililo chini ya kamera karibu zote. Vyote hivyo viko hadwea. Kwa kijana anayeanza na kamera nyepesi, hapa ndipo ningemshauri aanzie, kwa sababu kifaa hicho kitamfundisha usawa kuliko mota yoyote.

Je, wajua kuwa simu nyingi hutuliza video kwa kukata kingo za picha? Mchana inapendeza. Jioni, mwanga ukipungua, kila fremu hukusanya mwanga kwa muda mrefu zaidi, na ukungu wa mtikisiko hubaki ndani yake. Gimbali hushika simu yenyewe, kwa hiyo usiku ndipo thamani yake inaonekana.

Je, wajua kuwa bodaboda inaweza kuidhuru kamera ya simu? Mwaka 2021 Apple ilitoa onyo kuwa mtetemo mkali wa injini za pikipiki unaweza kuharibu mfumo wa kutuliza lenzi wa iPhone zilizofungwa kwenye usukani. Ibebe mfukoni.

Je, wajua kuwa Kyamwilu, kule Kituluni, ambako magari na maji huonekana kupanda mlima, macho yako na gimbali hayatakubaliana? Macho hudanganywa na mandhari. Sensa za gimbali hufuata mvuto wa dunia. Ukiona fremu imelala kidogo ukiwa hapo, usiharakishe kuirekebisha.



Na je, wajua kuwa kazi nyingi hazihitaji gimbali kabisa? Hotuba za mazishi na mahubiri ya Jumapili hutaka tripodi imara. Ukiwa na nafasi finyu, monopodi ya mguu mmoja hutosha. Pesa inayobaki nunua maikrofoni ya kubana kwenye kola.