KABLA YA KUKODI NYUMBA AU SHAMBA GISENYI: MAMBO SITA YA KUCHUNGUZA

Ndugu wakazi wa kambi,

Baadhi yenu mnatafuta nyumba au kipande cha shamba katika wilaya ya Rubavu. Udongo wa hapa umetokana na volkano. Viazi, maharage, mahindi na vitunguu hustawi. Lakini mlima uleule unaorutubisha shamba unaweza kukuhamisha. Kabla ya kutoa fedha, chunguza mambo haya:

1. MTO. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika na kubomoa nyumba nyingi Rubavu. Mafuriko na maporomoko ya usiku huo yaliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Waulize majirani maji yalifika wapi. Tazama alama za tope ukutani. Usihamie pia chini ya mteremko mkali, kwa sababu udongo uliolowa huporomoka.

2. CHOO. Jaribu kuchimba. Penye mwamba wa lava shimo haliendi chini. Julai 1994, karibu na Goma, mwamba huo ulizuia kuchimba vyoo, na kipindupindu kikaua maelfu ya wakimbizi.

3. MAJI. Kwenye lava mvua huzama upesi, na vijito ni vichache. Je, nyumba ina mabati na mahali pa kuweka pipa la kukinga mvua? Maji ya ziwa au ya mto yachemshwe kabla ya kunywa.

4. KUTA. Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002 na tarehe 22 Mei 2021. Lava ilielekea Goma, lakini matetemeko yaliyofuata yalipasua nyumba za Gisenyi. Kagua nyufa, hasa kwenye pembe na juu ya milango. Ardhi ikitetemeka mfululizo, laleni nje, mbali na kuta.

5. HEWA. Kando ya Ziwa Kivu, hasa upande wa Goma, kuna mazuku: hewa nzito isiyo na harufu inayotuama mabondeni. Ukiona panya, ndege au mbuzi wamekufa shimoni bila jeraha, usishuke, na usimlaze mtoto hapo.

6. NJIA. Mlipuko wa 2021 ulianza jioni, watu wakaondoka gizani. Itembee njia ya kutokea mchana, pamoja na watoto na wazee, na mkubaliane mahali pa kukutana mkipotezana. Njia isiwe na daraja moja tu linaloweza kuchukuliwa na maji.

Karibu na mlango weka tayari: karatasi za usajili zilizofungwa zisilowe, dawa za wagonjwa, blanketi, dumu la maji, chakula kikavu, tochi na redio.

Mwulize kiongozi wa mudugudu kama mwenye kukukodisha ndiye mwenye mali, na kama serikali imetangaza mahali hapo kuwa pa hatari. Ofisi ya kambi iulizwe mapema juu ya kibali na mgawo wako.

Mahali pakishindwa katika jambo la mto au la njia, paache, hata kama udongo ni mweusi na kodi ni ndogo. Udongo dhaifu hutiwa samadi. Nyumba iliyojengwa njiani mwa maji haina dawa.